Ganda la Yai Lawa Zawadi

Hapa Salamabila yai ni chakula cha mtoto. Nani athubutu kulimwaga kwa ajili ya pambo? Wala hapana haja. Lioshe, ulitoboe kwa sindano ncha zote mbili, ya chini kwa upana zaidi, uvuruge kiini, kisha upulize: vyote vitashukia bakulini, mama akaange. Ganda likikauka, chora msalaba au ua kwa nta ya mshumaa, ulizamishe katika maji yaliyopoa ya maganda ya vitunguu. Penye nta rangi haishiki.

Ganda la mbuni ni gumu kweli: huko Kisese, Tanzania, zilionekana shanga zake zenye umri wa miaka zaidi ya 40,000. La kuku ni jepesi. Likabidhi mkononi, usilitie mfukoni.