Vitabu au dawa ya minyoo? Swali lililompa Michael Kremer Nobeli

Hebu jiulize: una hela kidogo na unataka watoto wa shule wafanye vizuri. Utawanunulia vitabu au dawa ya minyoo? Wengi wetu tungejibu vitabu, tena haraka haraka. Mchumi Michael Kremer aliamua kupima kwanza.

Kremer ni Mmarekani aliyezaliwa 1964. Alipomaliza shahada ya kwanza Harvard mwaka 1985, alikuja kufundisha sekondari magharibi mwa Kenya. Baadaye akapata udaktari hukohuko Harvard (1992), akafundisha MIT, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya MacArthur.

Lakini kazi iliyomjengea jina aliifanyia Kenya, kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Yeye na wenzake walifanya kama watafiti wa tiba wanavyojaribu dawa: kundi moja linapewa, lingine linasubiri, halafu unalinganisha. Ili matokeo yaaminike, shule zinagawanywa bila upendeleo. Ukizipa zile zenye walimu wakuu machachari tu, hutajua kilichosaidia ni vitabu au ni mwalimu mkuu.

Katika shule 100, 25 zilitangulia kupewa vitabu. Wastani wa alama haukupanda! Walionufaika ni wale waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo. Sababu moja ni kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu.

Ikafuata dawa ya minyoo. Kremer na Edward Miguel waligawa shule 75 za Busia katika makundi 3, yakaanza kupewa dawa kwa zamu. Utoro ulipungua kwa robo hivi. Hata wanafunzi ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, maana wenzao hawakuwaambukiza tena kwa wingi.

Sasa tuwe wakweli: alama za mitihani hazikupanda hapo pia. Na mwaka 2015 watafiti wengine walipozikagua upya takwimu zile walikuta makosa ya hesabu, ukazuka mjadala mkali. Hata hivyo, ufuatiliaji wa miaka 20 ulionyesha kuwa waliopewa dawa kwa muda mrefu zaidi walikuwa wakipata kipato cha takriban 13% zaidi kwa saa.

Mwaka 2019 Kremer, Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipewa Nobeli ya uchumi kwa njia hii ya kuutafiti umaskini. Mwaka 2020 akahamia Chuo Kikuu cha Chicago.

Kwa hiyo mradi mwingine ukija kijijini kwenu na ahadi kubwa kubwa, uliza tu: mmelinganisha na nani?