Gari Halikimbii, Mbona Linaharibika?

Wiki nzima mnapanda mwendokasi, gari limelala uani chini ya turubai lake. Mnadhani mnalitunza? Soma hapa kabla halijawaangusha usiku wa manane.

Saa nne usiku, Kimara. Mke ameamka ameshika kiuno. "Mpenzi, nadhani ndiyo leo." Mume alikuwa ameusubiri usiku huo kwa miezi miwili. Mkoba wa mtoto upo mlangoni, khanga zimekunjwa, kadi ya kliniki ipo juu kabisa. Akachomoka hadi uani, akavuta turubai, akaingia ndani ya gari, akazungusha ufunguo.

Tik. Tik-tik-tik. Halafu kimya.

Walisukume? Gari ni otomatiki, kama yalivyo mengi tunayoagiza Japani, na otomatiki hata ukilisukuma mpaka asubuhi haliwaki. Waya za kubustia hawana. Majirani wamelala. Aliyeokoa jahazi ni kijana wa bajaji aliyekuwa anarudi zake nyumbani. Alfajiri akazaliwa mtoto wa kike, mzima, na mama mzima. Tumshukuru Mungu.

Lakini wageni walipopungua, maneno yakaanza. "Gari tumekopea, kila mwezi mshahara wangu unakatwa. Siku moja tu nimelihitaji, nimeishia kwenye bajaji!" Mume naye aliumia kweli, kwa sababu moyoni mwake alijua analitunza. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa akiliwasha kwa dakika tano, anasikiliza muungurumo, anazima, anafunika. Angefanya nini zaidi?

Fundi alipokuja kupima ndiye aliyekata mzizi wa fitina. "Bosi, usinielewe vibaya. Hizo dakika tano ndizo zimeimaliza hii betri."

Msomaji wangu, kisa hicho kinaweza kuwa chako kesho. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, wapo wanaoacha gari nyumbani kukwepa foleni na bei ya mafuta. Wengine siku hizi wanafanyia kazi nyumbani. Na kwa kuwa mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, gari lililopaki halidai kitu, basi linasahaulika. Kumbe kimya kimya linazeeka.

Dakika tano zinafanya nini?

Tuanze na betri. Kuwasha injini kunanyonya umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Kazi ya kurudisha umeme huo ni ya alteneta, na alteneta inahitaji muda injini ikizunguka vizuri. Ukiwasha, ukafungulia redio na AC, kisha ukazima baada ya dakika tano, umechota ndoo ukarudisha kikombe. Fanya hivyo kila Jumamosi, na katikati ya wiki alamu, saa na kompyuta ya gari zinaendelea kunywa kidogokidogo. Mwisho wake ni ile tik-tik-tik.

Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya 12.4 ina njaa. Ikifika 12.0 chaji imekaribia kwisha. Ikikaa na njaa kwa wiki kadhaa, vibao vya risasi vilivyo ndani hujengeka utando mgumu wa salfeti, na hapo hata ukiichaji usiku kucha haishiki kama zamani. Yaani inakufa kabla ya siku zake.

Sasa injini yenyewe. Petroli ikiungua hutoa maji. Ndiyo, maji! Kila lita moja ya petroli inayoungua hutengeneza karibu lita moja ya maji kama mvuke. Injini ikiwa ya moto mvuke huo unatoka wote nje kupitia bomba la moshi. Injini ikiwa ya baridi sehemu yake hupoa na kuganda kuwa matone, mengine kwenye bomba la moshi, mengine yakapenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Dakika tano hazitoshi kuyakausha. Wiki hadi wiki oili inakuwa nyepesi, inachafuka, inageuka kuwa na asidi, na vyuma inavyopaswa kuvilinda vinaanza kuliwa. Bomba la moshi nalo linaoza kutoka ndani. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando wa rangi ya maziwa, mara nyingi ni dalili ya unyevu huo. Ukirudi hata baada ya gari kutembea vya kutosha, muone fundi, maana maji ya rejeta pia yanaweza kuwa yanavuja kuingia kwenye oili.

Kwa hiyo jamaa yetu wa Kimara hakuwa mzembe. Alikuwa na nia njema na mbinu mbaya. Tofauti hiyo mkeo au mumeo akiijua, nusu ya ugomvi inaisha.

Dawa ni kuliendesha

Mara moja kwa wiki, au ukibanwa sana mara moja kila wiki mbili, litoe gari barabarani kwa dakika 30 hadi 45. Siyo kuzunguka mtaani kwenye mashimo, hapana. Tafuta barabara linapoweza kukimbia kwa mwendo mmoja. Wa Kimara waelekee Kibaha na kurudi, wa Mbezi Beach waelekee Bunju, na wewe wa Nairobi barabara ya Thika unaijua.

Kwa nini muda wote huo? Mshale wa joto kwenye dashibodi unapima maji ya rejeta, nayo huwahi kupata moto. Oili inachelewa. Mshale ukifika katikati usidhani kazi imekwisha, endelea kwa dakika 20 nyingine. Oili ikipata moto kweli ndipo unyevu unapotoka. Hapohapo betri inajaa, breki zinajisugua kutu, tairi zinageuka zisilalie upande mmoja. Washa AC angalau dakika kumi hata kama kuna baridi, kwa sababu mafuta yanayolainisha mipira yake huzunguka pamoja na gesi.

Wenye haibridi msijidanganye. Ukibonyeza kitufe gari linaweza kuwa tayari kwenda bila injini ya petroli kuwaka kabisa. Nalo linahitaji kutembea, na lina betri ndogo ya volti 12 inayokufa kama za wengine.

Jambo moja la kufa na kupona: usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua. Toa gari nje kwanza.

Mambo madogo yanayokula pesa kubwa

Oili haihesabu kilometa peke yake. Gari linalokaa linaweza kutembea kilometa elfu mbili kwa mwaka, mwenyewe ukajisifu kwamba bado oili haijafika. Imefika! Badilisha kwa kalenda, kila miezi sita hadi kumi na miwili kulingana na kitabu cha gari lako. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa, na magari mengi hutakiwa kubadilishiwa kila baada ya miaka miwili hivi.

Petroli inachakaa. Kuanzia miezi mitatu hivi inaanza kupoteza nguvu, na ikikaa zaidi huacha ulimbo kwenye pampu na nozeli. Ukijua gari litalala, jaza tenki. Tenki likijaa, nafasi ya hewa yenye unyevu ni ndogo. Kwetu Pwani, kwenye joto na chumvi ya bahari, hilo siyo suala la kupuuza.

Rejeta iwekwe kulanti, siyo maji ya bomba na hasa siyo maji ya kisima chenye chumvi. Kutu ya ndani hutaiona mpaka injini ichemke.

Tairi lipimwe upepo kila mwezi, na litazame umri. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na bado likawa limezeeka na kupasukapasuka.

Panya. Wanapenda boneti isiyofunguliwa, na waya ni chakula chao. Fungua boneti kila wiki kabla ya kuwasha. Ukikuta majani, vinyesi au waya uliotafunwa, usiwashe kwanza.

Turubai la nailoni linafungia jasho. Tafuta kava linalopitisha hewa, au paki kivulini tu.

Mkisafiri mwezi mzima

Likizo, masomo, au mmekwenda kijijini kuwasalimia wazee? Badilisha oili kabla ya kuondoka, ili vyuma visilale kwenye oili chafu. Jaza tenki na ongeza upepo kidogo. Paki sehemu tambarare, weka P (au gia ya kwanza kwa gari la manyuo), ziba magurudumu kwa mawe au vipande vya mbao, kisha usivute breki ya mkono, kwani kwenye unyevu inaweza kung'ang'ania. Toa waya wa hasi kwenye betri, ule mweusi. Kabla ya hapo hakikisha una namba ya siri ya redio kama ipo. Au mwachie ndugu mnayemwamini alitembeze kila wiki, mradi ana leseni na bima yenu inamruhusu.

Nani anahusika?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Gari ni letu likiwa zima, likiharibika ni lako. Kaeni chini mgawane. Mmoja ashike upepo, oili na maji, mwingine ashike daftari: tarehe ya oili, tarehe ya betri, siku ya bima kuisha. Wote wawili mjue kufungua boneti. Wote wawili muendeshe. Na muweke waya za kubustia kwenye buti, bei yake haifiki hata robo ya betri mpya.

Wale wa Kimara walinunua betri, wakabadilisha oili iliyokuwa inanuka petroli, na kelele zikaisha. Sasa kila Jumapili jioni mtoto anafungwa kwenye kiti chake nyuma, safari ya Kibaha inaanza. Mama anaendesha kwenda, baba anaendesha kurudi. Mtoto analala kabla hawajafika Mbezi Mwisho. Dakika arobaini hizo hakuna televisheni wala wageni, ni wao wawili tu wanaongea. Mwenyewe mume ananiambia siku hizi Jumapili ikipita bila safari hiyo, wa kwanza kuuliza siyo yeye. Ni mkewe.

Wewe la kwako mara ya mwisho lilitembea lini?