Bisibisi ya betri: seremala wa nyumbani Gahanga achague ipi?

Katika tarafa ya Gahanga, wilayani Kicukiro, kusini mwa jiji la Kigali, nyumba mpya zimekuwa zikiongezeka pande zote za barabara iendayo Nyamata, na kila nyumba mpya inahitaji milango, makabati na vitanda. Kazi hiyo haimalizwi yote na karakana za Gakiriro kule Gisozi. Sehemu yake hufanywa katika vibanda vya uani, ambamo seremala mmoja mwenye randa, msumeno, patasi na jiliwa hufanya kazi pamoja na kijana anayejifunza. Kwa fundi wa namna hiyo, bisibisi ya betri mara nyingi ndiyo chombo cha kwanza cha umeme anachofikiria kununua.

Uamuzi huo si mdogo kwake. Karakana kubwa ikinunua chombo kibaya, hukiweka kando na kuchukua kingine rafuni. Fundi wa uani hununua kwa fedha ya utangulizi aliyopewa na mteja, na chombo kikifa kazi ikiwa nusu, huwa amepoteza fedha, siku ya ahadi na pengine mteja mwenyewe.

Hesabu ya kifundo cha mkono

Chukua kabati la milango 4. Kila mlango una bawaba 3, na kila bawaba ina skrubu 6. Hizo ni skrubu 72 kabla hujagusa rafu, mgongo wa kabati wala vitasa. Skrubu ya urefu wa milimita 30 huzama kwa mizunguko ipatayo 15, na mkono wa binadamu hauwezi kuzungusha zaidi ya nusu mzunguko kwa mara moja. Kwa hiyo kabati moja hudai kifundo cha mkono kipindwe zaidi ya mara elfu mbili. Fundi mzoefu anaweza kuifanya kazi hiyo, lakini skrubu ya sitini haitaingia wima kama ile ya kwanza, na bawaba iliyopinda ndiyo inayofanya mlango ugome kufunga.

Ipo sababu nyingine inayowahusu mafundi wa maeneo yanayojengwa kama Gahanga: mlango hupachikwa mara nyingi katika nyumba ambayo bado haijaunganishwa na umeme. Hapo keekee yenye waya haina msaada.

Chombo chenyewe si kigeni. Kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilitoa keekee ya betri mwaka 1961, na mwaka 2003 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza bisibisi ndogo iitwayo IXO, iliyotumia betri ya lithiamu. Tangu hapo vyombo hivi vimekuwa vyepesi na kuenea hadi kwenye maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi.

Aina mbili zinazochanganywa

Dukani, vyombo viwili tofauti huitwa kwa jina moja. Cha kwanza ni bisibisi ndogo yenyewe, ya volti 3.6 au 4, yenye betri iliyofungiwa ndani na uzito usiofika nusu kilo. Huzunguka taratibu, karibu mara 200 kwa dakika, na nguvu yake ya kuzungusha kwa kawaida ni nyutonimita 4 au 5. Cha pili ni keekee ndogo ya volti 12, yenye betri inayochomolewa, gia mbili na nguvu inayofika nyutonimita 20 hadi 30 au zaidi. Ili kuelewa kipimo hicho, fikiria kilo moja iliyoning'inizwa mwishoni mwa fimbo ya mita moja: nguvu inayotaka kuizungusha fimbo hiyo ni kama nyutonimita 10.

Nyutonimita 5 zinatosha kwa bawaba, vishikio vya droo na mgongo wa plaiwudi, hasa kwenye mbao laini za msonobari au msindusi. Hazitoshi kwa fremu ya kitanda cha mkaratusi uliokauka, mti ambao Rwanda imeupanda kila mahali na ambao ukikauka huwa mgumu na mwepesi kupasuka. Libuyu itokayo Kongo nayo haina huruma kwa mota dhaifu. Kwa anayetengeneza vitu vyake mwenyewe siku za mapumziko, aina ya kwanza inaweza kumtosha kwa miaka. Kwa anayekula kwa useremala, fedha inawekwa mahali pake zaidi kwenye ya volti 12 yenye betri mbili, moja ikichajiwa huku nyingine ikifanya kazi. Ya volti 18 ina nguvu zaidi, lakini ni nzito, na ndani ya kabati jembamba mkono huchoka nayo mapema.

Namba kubwa zisizo na maana

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa hufika 4.2. Seli tatu hutoa volti 10.8, ambazo wenye viwanda huandika 12. Seli tano hutoa 18, na baadhi yao huandika 20 au 21 kwa kuhesabu betri iliyojaa pomoni. Kwa hiyo chombo cha “volti 21” na cha “volti 18” ni ndugu wa tumbo moja, na asiyejua atalipa zaidi kwa kuvutiwa na namba tu.

Hilo bado ni la kuvumilika. Kuna pia masanduku yanayoandikwa 48VF, 88VF au hata 128VF. Herufi hizo mbili si kipimo cha umeme kinachotambulika, na ndani ya betri nyingi za namna hiyo huwamo seli tano zile zile. Kinachostahili kusomwa ni maandishi madogo yaliyo kwenye betri yenyewe: volti, ampea-saa na, pale yanapokuwepo, wati-saa. Zidisha mbili za kwanza upate ya tatu. Betri ya volti 3.6 na ampea-saa 1.5 ina wati-saa 5.4, ya volti 10.8 na ampea-saa 2 ina wati-saa 21.6, yaani akiba mara nne.

Klachi kabla ya nguvu

Muuzaji atasifu nguvu. Mnunuzi aulize klachi. Hiyo ni pete yenye namba iliyo karibu na mdomo wa chombo, na kazi yake ni kukata mzunguko skrubu inapofika kiwango kilichowekwa. Bila klachi, chombo chenye nguvu huzamisha kichwa cha skrubu ndani ya ubao, hung'oa nyuzi ndani ya tundu au huvunja skrubu. Skrubu za shaba za bawaba huvunjika kwa urahisi, na zile nyeusi zilizotengenezwa kwa ajili ya mbao za jasi hukatika ghafla zikilazimishwa kwenye mti mgumu.

Ombeni kipande cha ubao hapo hapo dukani. Weka pete kwenye namba 1, ingiza skrubu, kisha panda namba moja moja. Klachi nzuri hukata mapema kwenye namba ndogo na huchelewa kwenye kubwa; mbovu hukata popote ipendapo. Bonyeza swichi polepole pia: mzunguko uanze taratibu na kuongezeka kwa kufuata kidole. Tazama ncha inavyozunguka. Ikiyumba, chombo hicho kiachwe.

Ncha zenyewe hazina shida ya kupatikana, kwa kuwa karibu bisibisi zote hizi hupokea ncha za pembe sita za milimita 6.35, yaani robo inchi. Shida ni kulinganisha ncha na skrubu. Msalaba wa PH na wa PZ hufanana machoni, ila PZ ina mistari minne myembamba ya ziada kati ya mikono ya msalaba. Ncha ya PH ikiingizwa kwenye skrubu ya PZ huteleza, na fundi hulaumu mota ilhali kosa ni la ncha ya bei ndogo.

Hata chombo bora hakiondoi ulazima wa kutoboa kwanza. Kwa skrubu ya milimita 4, tundu la milimita 2.5 linafaa kwenye mbao laini, na la milimita 3 kwenye mbao ngumu. Nyuzi zikipakwa nta ya mshumaa, mzigo hupungua zaidi, na bisibisi dogo lililodharauliwa huonekana kupata nguvu mpya.

Chaja na betri

Wengi huletewa vyombo na jamaa walio ng'ambo. Umeme wa Rwanda ni volti 230, na chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani pekee, ya volti 120, inaweza kuungua mara ichomekwapo. Ile iliyoandikwa 100–240 haina tatizo, na bisibisi ndogo zinazochajiwa kwa waya wa USB hupokea chaja ya kawaida ya simu. Anayeleta chombo kwa ndege akumbuke kwamba betri ya akiba, iliyo nje ya chombo, haipakiwi kwenye mzigo unaokabidhiwa bali hubebwa katika begi la mkononi.

Betri za chapa moja kwa kawaida haziingii kwenye chapa nyingine. Kwa hiyo kabla ya kulipa inafaa kuuliza kama betri ya akiba inauzwa peke yake mjini Kigali na kwa bei gani. Chombo ambacho betri yake haipatikani kitakuwa na maisha ya betri moja. Risiti ya EBM idaiwe, kwani ndiyo ushahidi wa tarehe pale dhamana inapohitajika.

Lithiamu haipendi joto. Isichajiwe juani wala kuachwa chini ya bati la kibanda mchana kutwa, na ikiwa haitatumika kwa wiki kadhaa ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji. Iliyovimba isichajiwe tena, wala isitupwe penye vumbi la mbao, ambalo hushika moto upesi. Mafundi wa Gahanga hawako mbali na mahali pa kuipeleka: kiwanda cha Enviroserve Rwanda kinachochakata taka za kielektroniki kiko katika wilaya jirani ya Bugesera.