Sufuria ya dola 300: tununue ao tuache?



Juma lililopita, kwenye likelemba, mama mmoja alitutangazia kwamba zamu yake ikifika, feza yote atamtumia shemeji yake aliye Ubelgiji, amletee sufuria nyekundu ya chuma kizito. "Hiyo nitamwachia binti yangu," alisema. Wengine walicheka. Wengine walinyamaza, wakihesabu. Basi tuhesabu pamoja.

Sufuria hizo ni nzuri kweli. Le Creuset inazitengeneza Ufaransa tangu 1925. Ni chuma cha kumimina, na ile "rangi" si rangi: ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa moto mkali. Kwa hiyo haishiki kutu, haiharibu ladha ya tomate, na ikishapata moto inautunza muda mrefu. Ikitunzwa, mtoto ataipikia kweli.

Lakini tuiweke juu ya babula yetu. Ukiisahau tupu kwenye makala, ao ukiimwagia maji baridi ingali moto, kioo kinapasuka. Ukiisugua na mchanga, kinakwaruzika. Ile ya dola 300 na zaidi inabeba lita 5 hivi: sombe ya watu kumi itaenea humo? Nayo tupu ina karibu kilo 5. Jaribu kuiepua na mtoto mgongoni!

Jambo moja mama huyo hakukosea. Anaogopa sufuria za alumini zinazoyeyushwa kwa motere za zamani na vyuma vya kuokota. Huko Kameruni watafiti walipima sufuria za namna hiyo, wakakuta madini ya risasi, yale ya ndani ya betri za gari, yanaingia kwenye chakula. Risasi inaharibu akili ya mtoto. Wenye kuwa nazo (ni sisi wengi), chakula cha tomate ao cha ndimu kisilale ndani yake.

Sufuria kubwa ya inoksi, yenye kitako kinene, haina shida hiyo, na bei yake ni ya chini sana. Kutunza moto? Loweka maharagi usiku kucha, yachemshe vizuri kwa nusu saa, kisha funika na uizungushie sufuria blanketi nzito ndani ya kitunga. Baada ya saa chache irudishe motoni, ichemke tena mpaka yaive. Makala inabaki mfukoni.

Zamu ya mama huyo ni mwezi ujao. Jana aliuliza bei ya inoksi ya lita 10. Shemeji hajatumiwa kitu bado.