Fahamu: Kwa nini viwanda vya China hutoa gesijoto nyingi kuliko vya Marekani?

China hutoa takriban asilimia 30 ya hewa ya ukaa duniani. Marekani takriban asilimia 13. Viwandani, pengo ni kubwa zaidi.

Chanzo ni nini?
China huzalisha zaidi ya nusu ya chuma cha dunia na karibu nusu ya saruji. Chuma chake kingi hutengenezwa kwa makaa ya mawe. Nchini Marekani, takriban asilimia 70 ya chuma hutokana na vyuma chakavu vinavyoyeyushwa kwa umeme. Saruji nayo huzalisha hewa ya ukaa mawe ya chokaa yanapochomwa, hata kwa nishati safi.

Je, China pekee ndiyo ya kulaumiwa?
Hapana. Bidhaa zake nyingi hununuliwa ng'ambo, na kwa wastani Mmarekani mmoja huchafua hewa zaidi kuliko Mchina mmoja. Wajibu ni wa nchi zote mbili.