Hesabu Wati, Masta: Mashini ya Gemu kwa Franga za Kasongo

Masta, karibia. Leo hatuongelei viatu. Hatuongelei simu ya nani iko na kamera ngapi. Leo ni mashini. Ya gemu. Ya kufunga kipande kwa kipande na mikono yako, hapa hapa Kasongo, na franga za mtu wa kawaida, hapana za mtoto wa ministre.

Najua swali lako. "Kadi gani ya grafiki?" Kartie nzima inaanzia hapo. Kartie nzima inakosea. Wale majamaa wa YouTube wanakaa mahali umeme unatoka ukutani usiku na mchana, hakuna anayeuhesabu. Siye wetu unatoka juu ya bati. Jua likipanda, batri inakula. Jua likizama, batri inatulisha. Kwa hiyo kipande cha kwanza cha mashini yako haiko prosesa, haiko kadi. Ni wati.

Cheki hesabu, iko fupi. Batri ya risasi ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Ukiikamua kupita nusu kila siku, unaiua mapema. Basi una 600 za kuchezea. Inveta nayo inajikatia komisheni, tuseme asilimia 15. Zimebaki 510. Mashini ya adabu inayokula wati 150 ikiwa kazini, na monita ya wati 20, ni 170. Gawa. Saa 3. Saa 3 safi za usiku, feni inaimba, mbogi yote imejipanga nyuma ya kiti. Kesho paneli ya wati 200 ikipata jua zuri inarudisha kile ulichokula.

Sasa leta ile kadi ya kiburi, RTX 5090. Ilitoka Januari 2025, dola 1,999 dukani Marekani, na inaruhusiwa kula wati 575. Peke yake! Bado prosesa, bado monita. Batri yako haifikishi saa moja. Msela akikuambia anasubiri 5090, usibishane naye. Muulize paneli zake ziko wapi.

Haya, tununue nini?

Njia ya kwanza, ile ya wajanja: mashini ya ofisi. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, zile boksi nyeusi zisizo na sura, zilizozeekea kwenye benki za Uingereza na Ujerumani. Zinaonekana za kishamba. Ziache zionekane. Ndani kuna madabodi imara, kesi ya chuma, na prosesa yenye koo nne. Na kuna sababu zinamwagika sasa: Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama TPM 2.0, na kwa upande wa Intel karibu kila prosesa iliyo chini ya kizazi cha 8 imekataliwa mlangoni. Ofisi za Ulaya zinasafisha meza. Siye tunachukua.

Jifunze kusoma jina la prosesa, hapo ndipo wauzaji wanakulia franga. i5-3470: ile 3 ya mbele ni kizazi cha tatu, 2012. i5-4590: kizazi cha nne. Muuzaji atakupigia kelele "i7! i7!" kama kondakta wa basi, na kumbe ni i7-870 ya kizazi cha kwanza, 2009. Hiyo inachapwa na i3-12100 ya 2022 mchana kweupe. Kizazi kwanza, cheo baadaye. Andika mkononi kama unasahau.

Mtego wa OptiPlex ni pawasaplai. Ile ya 7010 ya mnara inatoa wati 275, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Maana yake kadi yako inywe kwenye tundu la madabodi tu, na tundu hilo mwisho wake ni wati 75. Wengine wanalia hapo. Siye tunacheka, maana siye na wati kidogo ni ndugu wa damu. Kadi za ukoo huo zipo na zinajulikana. GTX 750 Ti ya 2014, wati 60, bibi mwenye nguvu bado. GTX 1050 Ti ya 2016, wati 75, memori GB 4. GTX 1650 ya 2019, wati 75 pia, lakini angalia mgongoni: kuna matoleo yenye tundu la pini 6, hayo yaache. Na malkia wa familia, RTX 3050 ya GB 6, Februari 2024, wati 70, dola 169 bei ya kutokea. Usikubali wakupe 3050 ya GB 8 wakisema "ni kubwa zaidi, yaya". Hiyo inakula 130 na inataka waya wake. Jina moja, tumbo tofauti.

Boksi likiwa jembamba, lile la kulaza, kadi lazima iwe fupi ya kimo. Pima kabla ya kulipa. Kufika Kasongo na kadi isiyoingia kwenye kesi ni soo, na kartie haisahau.

Njia ya pili ni ya mwenye franga zaidi kidogo na hamu ya vitu vipya: Ryzen 5 5600G ya AMD. Ilitoka 2021, wati 65, na grafiki iko ndani ya prosesa. Hakuna kadi kabisa! Mashini nzima ikicheza inazunguka kwenye wati 90 hivi. Rudia hesabu ya batri, monita ikiwa ndani: unapata saa 4 na chenji. GTA V inaenda ukishusha mapambo, PES inateleza. Na siku neema ikifika, madabodi inakusubiri na tundu la kadi wazi. Kwa mtu wa sola, mimi hiyo ndiyo napenda kuliko zote, na sitabembelezwa.

Lakini 5600G ina sharti moja: RAM mbili. Hapana moja ya GB 16. Mbili za GB 8. Grafiki yake haina memori yake yenyewe, inakopa kwenye RAM, na vipande viwili vinaifungulia njia mbili za kupita. Ukiweka kimoja umeifunga pumzi halafu unaenda kusema AMD ni mbovu. Na nunua mapema ukipata: tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imeruka dunia nzima, sababu viwanda vinapeleka memori kwa mabohari ya akili bandia. Hapo OptiPlex ya 2012 inacheka tena, yenyewe inakula DDR3 ya zamani ambayo hakuna bilionea anaigombania.

Njia ya tatu usiende. RX 580. Utaonyeshwa, ni nyingi. Kuanzia Septemba 2022 ile sarafu ya mtandaoni, Ethereum, iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na wachimbaji wakazitupa sokoni baada ya kuzikimbiza usiku na mchana. Inapiga gemu vizuri, sikatai. Wati 185. Paneli zako ziko wapi?

Sasa tuongee aibu. Taa za rangi. Masta, taa! RAM inawaka, feni inawaka, kibodi inawaka, na mwenye mashini anacheza gizani sababu taa ya nyumba amezima abane batri. Kila dola ya taa ni dola imetoka kwenye SSD. Kesi ya kioo nayo ni vilevile. Kioo kinachopakiwa nyuma ya moto, kinatoka Fizi kinapita Kabambare mpaka huku, kinafika kikiwa sukari. Chuma, masta. Chuma chenye matundu mbele, na juu ya matundu weka kipande cha soksi ya nailoni ya dada yako, imefungwa fiti. Kiangazi vumbi jekundu la huku linaingia kila mahali. Soksi inalidaka, unaifua Jumapili, maisha yanaendelea.

Na SSD hapana diski ya kuzunguka. Watu wanafikiri ni mambo ya kasi tu. Ni barabara. Diski ya kizamani ina sahani inayozunguka na sindano juu yake. Ipigize siku nzima kwenye mashimo, halafu iwashe usikie inavyokohoa. SSD haina kitu cha kutikisika ndani.

Ba vieux hapo watakuja na maneno. Vieux wa kwangu anasema kompyuta inaharibu macho. Yeye mwenyewe anavaa miwani tangu Mobutu, na gemu hajagusa. Vieux mwingine anasema franga hiyo ungenunua mbuzi. Mbuzi! Mbuzi hana kizazi cha nne. Halafu Jumamosi ukiunganisha mashini na ukuta mweupe, mechi ya PES, Real na Barça, utawaona wao wa kwanza kuvuta viti, na wanapiga kelele za ofusaidi kuliko watoto.

Kuna neno wanatupigia ambalo linanichoma: "mambo ya wazungu." Hapana. Fungua hiyo RAM, angalia meno yake: ni dhahabu. Dhahabu inachimbwa Namoya, Salamabila, hapa jirani Kabambare. Maungio ya madabodi yamepigwa bati, na tangu 2006 Ulaya ilipobana risasi kwenye vifaa, karibu lehemu yote ni bati. Bati linatoka kwenye kasiterite, na kasiterite ya Kalima inajulikana dunia nzima. Vile vipande vidogo vya rangi ya njano kwenye baadhi ya madabodi ni kapasita za tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Maniema, jimbo letu, iko ndani ya hiyo boksi kabla haijafika Maniema. Imeondoka bei ya gunia, imerudi bei ya dola. Kijana wa Wamaza, huku huku kwetu, ana haki ya kuifungua na kuielewa kuliko mtu yeyote.

Safari ya vipande unaijua: Dubai au Ulaya, Dar es Salaam, Kariakoo, Kigoma, ziwa. Halafu Kalemie au Baraka. Kutoka Kalemie kuna reli mpaka Samba, siku treni imeamka. Kutoka Baraka ni moto na uvumilivu. Kadi itoe kwenye mashini kabla ya safari, ifungwe peke yake kwenye nguo. Kadi ikibaki inaning'inia ndani ya boksi, inavunja tundu la madabodi, na hapo hakuna fundi wa kukuponya. Beba hapo hapo na tyubu ndogo ya dawa ya joto. Ile iliyo juu ya prosesa ya 2012 imekauka zamani.

Programu pia zipakuliwe huko mjini. Usifike nyumbani ndiyo uanze kuvuta GTA V na mega za simu. Hiyo gemu inapita GB 70, utauza mpaka kiti. Steam ina njia ya kuhifadhi gemu kwenye diski ya nje na ina hali ya kucheza bila intaneti. Draiva za kadi, weka kwenye fleshi. Ndoto ya Valorant kwenye OptiPlex iweke pembeni: kwenye Windows 11 inadai ile TPM 2.0, na mtandao wetu, tabia yake unaijua mwenyewe.

Inveta, sikia vizuri, nunua ya wimbi safi. Zile za bei ya huruma zinatoa wimbi la ngazi-ngazi, na pawasaplai nyingi za kisasa hazilipendi: zinalia, zinachemka, zinazima katikati ya penalti. Kama franga inabana, punguza kadi, usipunguze inveta. 1050 Ti kwenye umeme safi inaishi kuliko 3050 kwenye umeme mchafu.

Na kadi feki zipo, noma kabisa. Wanachukua GTS 450 ya 2010, wanaandika upya programu yake ya ndani, wanabandika karatasi "GTX 1050 Ti", na Windows inaamini. Ukiona tundu la VGA nyuma ya kadi inayojiita 1050 Ti, shuku mara moja. Nvidia ilishaliacha kwenye ukoo huo. Tembea na GPU-Z kwenye fleshi. Ni programu ndogo, ya bure, na tangu 2018 inaandika neno FAKE mbele ya jina ikikamata mwizi.

Kwa hiyo ukiwa kaunta Kalemie, usitoe hata dola moja kabla mashini haijawaka mbele yako. Fungua GPU-Z, soma jina. Angalia RAM zote mbili zinaonekana. Cheza gemu nusu saa, mkono juu ya kesi, sikia feni, angalia skrini kama inatoa madoa ya rangi. Chomeka fleshi kwenye matundu yote ya USB, moja moja, hata lile la nyuma kabisa. Muuzaji akianza "yaya, umeme wangu mdogo leo, chukua tu, iko sawa", funga zipu ya begi. Duka la pili liko pale ng'ambo ya barabara.