Bomba Dabo na Ukuta wa Udongo

Mteja akinijia na kitambaa cha pazia, kabla sijashika mkasi namwuliza: ukuta wako umeungwa kwa udongo au kwa saruji? Wengi hucheka. Pazia na saruji wapi na wapi? Lakini hapa Sepuka zipo nyumba nyingi za matofali yaliyoungwa kwa udongo, na bomba dabo hubeba mapazia mawili, lile la mbele likiwa limesimama mbali na ukuta. Kadiri linavyosogea mbele ndivyo linavyozidi kuvuta skrubu.

Kwa nini mawili? Mchana, shea, lile pazia jembamba, hukuwezesha kuona nje bila kuonwa, kwa kuwa mwanga mwingi uko nje. Ukiwasha taa usiku mambo hugeuka: mpita njia anakutazama ukila ugali wako. Hapo unafunga pazia zito la mbele.

Shea hukaa bomba la nyuma, upande wa dirisha. Kwa upepo wetu wa Singida ndiyo inayopokea vumbi lote la kiangazi, kwa hiyo hufuliwa kila mara. Tafuta vishikio vinavyoruhusu bomba la nyuma kutoka bila kushusha la mbele. Wauzaji wengi hawalisemi hilo. Wao husifia vile vichwa vya ncha za bomba, vya rangi ya dhahabu.

Dirisha la futi 5 lina karibu sentimita 152. Ongeza 20 kila upande, unapata bomba la karibu mita 2, na hilo linataka kishikio cha tatu katikati, la sivyo litapinda. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya bomba. Ukibana matumizi hapo, pazia hukosa mikunjo na kuonekana kama shuka lililoanikwa. Dirisha la mbao likifunguka kwa ndani, pandisha bomba mpaka ubao wake upite chini bila kugusa.

Penye lenta ya zege kazi ni nyepesi: drili yenye kugonga, tundu la milimita 8, fisha ya 8, pima maji mkononi. Kwenye udongo fisha huchezacheza tu. Mimi hutaka ubao mrefu wa inchi 1 kwa 4 ufungwe juu ya dirisha kwa skrubu ndefu sehemu nyingi, kila skrubu ikiingia kwenye tofali lenyewe, si kwenye kiungo. Vishikio hufungwa kwenye ubao. Upake rangi ya ukuta, hakuna atakayeuona. Fundi anayekuja na misumari ya zege na nyundo tu, simpi kazi.

Wakati wa kuvisha, ringi za kila pazia ziwe shufwa, 8 au 10, ili kingo zote mbili zielekee ukutani. Ringi ya mwisho ipitishe nje ya kishikio, kati yake na kile kichwa. Upepo ukivuma, pazia halikimbilii katikati.